Mtopetope mwitu, mchongoma au mpingi: uache upi, upande upi, shambani Mtwara na Lindi

Anayefungua shamba jipya Nachingwea au Liwale, au anayesafisha kiwanja Tandahimba, kwa kawaida hufyeka vichaka vyote na kuacha miembe peke yake, kama ipo. Katika vile vichaka mara nyingi mna matunda ambayo watoto wa kijiji wanayajua fika. Vitatu ndivyo vinavyostahili kupimwa kabla ya panga kupita: mtopetope mwitu, mchongoma na mpingi. Vyote vinavumilia kiangazi chetu kirefu cha Juni hadi Novemba, vyote vinaishi kwenye mchanga uliochoka, wala havingoji mbolea ya dukani. Lakini kazi zake ni tofauti, na kimoja kati yake hakitakiwi kabisa karibu na mikorosho.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kwa familia inayotaka tunda la kula mkononi, mtopetope mwitu unashinda. Kwa mpaka wa shamba na kwa jamu ya kuuza, ni mchongoma. Mpingi uache pale ulipojiotea, mbali na mazao, na usiupande shambani. Sababu zinafuata.

Kuitambua kwanza

Majina hubadilika kijiji hadi kijiji. Mpingi wengine huuita mtundakula au mtundwe, na jina la mchongoma hupewa hata miti mingine ya miiba inayotumika kwa uzio. Mpingi wala hauhusiani na mpingo wa wachongaji. Basi tazama jani, mwiba na tunda.

Mtopetope mwitu, ambao kwa jina la kitaalamu ni Annona senegalensis, hauna miiba. Majani yake ni mapana, ya mviringo, kijani kinachoelekea bluu, na ukiyafikicha yananukia. Maua ni manene, ya rangi ya krimu au manjano, yanainamia chini. Tunda ni kama topetope la bustanini lakini dogo, sentimita 2.5 hadi 5, na likiiva hugeuka njano au rangi ya chungwa. Kichaka hufika mita 2 hadi 6.

Mchongoma, Flacourtia indica, utaujua kwa miiba mirefu iliyonyooka. Kwenye shina la chini miiba hiyo hutoka kwa mafungu. Majani machanga yana wekundu. Tunda ni la duara, kama sentimita 2 hadi 2.5, jekundu kisha zambarau iliyokolea, na ndani kuna mbegu kadhaa ndogo.

Mpingi uko wa aina mbili: Ximenia caffra, wenye tunda jekundu lenye madoadoa meupe, na Ximenia americana, wenye tunda la njano hadi chungwa. Wote wana kokwa moja kubwa katikati na miiba mifupi.

| | Mtopetope mwitu | Mchongoma | Mpingi |
|---|---|---|---|
| Ladha | Tamu, yenye harufu kali nzuri | Tamu yenye ukali | Chachu hadi likiiva sana |
| Unafaa zaidi | Kula bichi, juisi ya siku hiyo | Uzio, jamu | Juisi, mafuta ya ngozi |
| Tunda likishaiva hukaa | Siku 1 hadi 2 | Siku chache | Siku chache |
| Tatizo kubwa | Huharibika haraka. Mbegu zina sumu | Miiba. Jinsia mbili | Hunyonya mizizi ya jirani |

Mtopetope mwitu: usiung'oe, ulee

Mizizi yake huenda chini sana, na ndiyo inayouokoa wakati wa moto. Ukiungua juu, unachipua upya kutoka kisikini. Kwa sababu hiyohiyo, kuuhamisha ukiwa mkubwa ni kupoteza muda: jembe hukata mzizi mkuu na kichaka hukauka. Njia ya haraka zaidi ya kupata matunda ni kuchagua visiki vinavyojiotea shambani na kuvitunza hapo hapo. Mvua zikianza, kwa kawaida mwisho wa Novemba au Desemba, kisiki hutoa machipukizi mengi. Acha matatu au manne yenye nguvu, yaliyoachana, na uyakate mengine chini kabisa. Palilia duara la mita 1.5 kuzunguka kichaka na uweke matandazo, lakini yasiguse shina kwa sababu mchwa hupandia hapo.

Ukitaka kuongeza idadi, tumia mbegu mbichi. Osha nyama yote itoke, anika kivulini, kisha sugua ganda kidogo kwa msasa na loweka kwa saa 24. Panda kina cha sentimita 1 kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche) virefu vya sentimita 25 hadi 30. Kiriba kifupi hukunja mzizi mkuu, na mche wa namna hiyo ukipandwa shambani huonekana mzima hadi kiangazi cha kwanza, kisha hunyauka huku jirani zake wakiwa wazima. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 3 za udongo wa juu kutoka vichakani, 1 ya mchanga, 1 ya samadi iliyooza vizuri. Mbegu huanza kuota baada ya mwezi au zaidi, tena si kwa pamoja. Nyingine hungoja miezi. Wengi humwaga viriba wakidhani mbegu zimekufa. Endelea kumwagilia hadi mwezi wa nne.

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi ndilo sababu ya kichaka kizuri kukosa tunda. Ua la mtopetope huanza kama la kike, kisha siku inayofuata au baadaye huwa la kiume, na chavua hubebwa na mbawakawa wadogo wanaoingia ndani ya ua. Dawa ya kuua wadudu inayopulizwa kwenye mikorosho kwa ajili ya mbu wa mikorosho ikipeperuka hadi kichakani, mbawakawa hao nao hufa. Panda au acha vichaka viwili na kuendelea, upande ambao upepo hautoki shambani kwa mikorosho. Ukiona maua ni mengi na matunda hayapo, chukua brashi ndogo ya rangi: kusanya chavua kwenye ua lililofunguka ambalo unga wake unapukutika, uipake katikati ya ua ambalo petali zake ndiyo kwanza zinalegea.

Matunda huiva ndani ya msimu wa mvua. Usingoje yawe ya njano mtini, maana ndege, nyani na funza watakutangulia. Chuma yakiwa bado ya kijani lakini yamejaa, vinundu vimetanuka na mifereji kati yake imepauka. Yafunge kwenye kitambaa au uyatie kwenye nyasi kavu ndani ya kapu. Baada ya siku 2 hadi 3 yatalainika. Ukichuma machanga mno hayaivi, yanakuwa meusi na magumu. Matunda meusi yaliyokauka na kubaki yakining'inia mtini ni maskani ya wadudu na ukungu. Yachume yote uyachome au uyafukie.

Mbegu zisipondwe wala kusagwa. Zina sumu, na unga wa mbegu za jamii hii ukiingia machoni huumiza vibaya. Maana yake jikoni ni kwamba juisi ya topetope mwitu haitengenezwi kwa kutupa tunda zima kwenye blenda. Kamua kwa mkono juu ya chekecheo, nyama ipite, mbegu zibaki. Wala usiichemshe, kwa sababu harufu, ambayo ndiyo thamani yote ya tunda hili, hutoka na mvuke.

Mchongoma: uzio unaolisha

Wahenga wamesema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na miiba yake inaunga mkono maneno hayo. Kwa kazi ya uzio hiyo ndiyo sifa. Mbuzi wenyewe hula machipukizi yake machanga, lakini uzio uliokwisha kushikana hawapenyi, na ng'ombe hawaujaribu. Kwa maeneo ambako mifugo imeongezeka, uzio hai unatoka nafuu kuliko kununua waya na nguzo kila zinapoliwa na mchwa.

Panda mwanzo wa mvua. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina hichohicho, changanya udongo na samadi, kisha panda mistari miwili kwa kupishana, mche hadi mche sentimita 50. Miche ikifika magotini, kwenye mvua za mwaka wa pili, ikate yote ibaki sentimita 30. Hapa ndipo watu wengi huona huruma na kuacha. Matokeo ni uzio mzuri juu na wazi chini, na kuku, mbuzi na hata mbwa hupita kwenye uwazi huo miaka yote. Ukatwapo mapema, mchongoma hutawanya matawi kuanzia ardhini.

Sasa suala la tunda. Mchongoma una miti ya kiume na ya kike, mbalimbali. Mche wa mbegu hausemi jinsia yake hadi utoe maua. Ua la kiume ni shada la nyuzi nyingi za manjano bila kitu katikati. La kike lina kifundo cha kijani katikati chenye vijiti vifupi juu yake. Ukitegemea mbegu tu, jiandae kwamba sehemu kubwa ya uzio itakuwa madume yasiyozaa. Kama lengo ni matunda, chukua machipukizi ya mizizi kutoka kwenye mti wa kike unaoujua kwa utamu: yakate mwanzoni mwa mvua yakiwa na mzizi wake, punguza majani nusu, yaweke kivulini kwenye viriba kwa miezi kadhaa kabla ya kupanda. Tunashauri dume moja kwa kila majike manane hadi kumi, likiwa katikati yao na si pembeni kabisa.

Tena uzio na matunda vinavutana. Ukikata kando mara mbili kwa mwaka ili uzio uwe mnene, unaondoa matawi ambayo yangezaa. Suluhisho ni kuacha mti mmoja wa kike kila baada ya mita 4 ukue huru juu ya uzio, mingine ibaki imekatwa. Kwa bustani ya matunda bila uzio, acha mita 4 kati ya mti na mti.

Kuvuna, tandaza turubai chini na utikise kwa fimbo yenye ndoano, usipenyeze mkono. Rudia kila baada ya siku 2 au 3, maana hayaivi kwa pamoja. Kabla ya kula bichi, sokota tunda taratibu kati ya viganja hadi lilainike, ukakasi hupungua. Mwiba ukivunjika mwilini utolewe siku hiyohiyo na jeraha lioshwe kwa sabuni. Matawi yaliyokatwa yachomwe au yafukiwe: ukiyatupa njiani, bodaboda wa kijiji kizima watakusema, na watakuwa na haki.

Jamu ya mchongoma hushika bila kuongezwa kitu, ndiyo maana tunaipendekeza kwa biashara ndogo. Kwa kilo 1 ya matunda, robo yake yawe ambayo hayajaiva kabisa, tumia maji mililita 300. Chemsha dakika 15 hadi 20, ponda kwa mwiko bila kuvunja mbegu, chekecha. Pima rojo: kwa kila kilo 1 ya rojo weka sukari gramu 750. Rudisha motoni, moto mkali, ukikoroga hadi tone likiwekwa kwenye kisahani baridi lisitiririke. Mimina ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa, jaza hadi karibu na mdomo na ufunge papo hapo. Isiposhika, ama matunda yote yalikuwa yameiva mno au hukuchemsha vya kutosha. Ikiwa ngumu kama gundi, umepitiliza. Ukungu juu baada ya wiki ni dalili kwamba chupa ilifungwa jamu ikiwa imepoa. Tumia sufuria ya stili au ya enameli, kwa sababu ukali wa tunda hula alumini na kuacha ladha mbaya. Anayetaka kuuza dukani atahitaji alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na mlango wa kuanzia kwa mjasiriamali mdogo ni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo.

Mpingi: mzuri porini, mbaya chini ya mkorosho

Mpingi una majani ya kijani na hujitengenezea chakula, lakini chini ya ardhi mizizi yake huota vinyonyeo vidogo vinavyojibana kwenye mizizi ya mimea jirani na kuvuta maji na madini. Haubagui sana, mimea mingi inaweza kuwa mwenyeji wake. Ndiyo maana unaonekana mbichi na wenye nguvu Septemba wakati kila kitu kimepauka. Mkorosho nao huchanua na kubeba katikati ya kiangazi hichohicho, wakati ambao kila tone la maji lina kazi, na mizizi yake hutambaa mbali kuliko kivuli chake. Kuweka mpingi katikati ya mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni kuukaribisha mezani pa mkorosho. Tunashauri uachane na mikorosho kwa mita 20. Ukiukuta shambani ungali mdogo, ung'oe na mzizi wake. Mkubwa ukikatwa huchipua tena, hivyo chimba kisiki chote.

Mahali pake ni pembezoni pasipolimwa: vichaka vya mchanga vya pwani, kingo za msitu, miteremko ya mawe. Hapo uache, maana tunda lake lina kazi. Chagua yaliyolainika kabisa, hata yaliyoanguka yenyewe, kwa kuwa uchachu wa karibu na kokwa hupungua hapo. Kwa juisi, weka kilo 1 ya matunda yaliyoiva kwenye lita 2 za maji yaliyochemshwa na kupoa, fikicha kwa mikono hadi nyama iachane na kokwa, chuja, kisha weka sukari gramu 200 hadi 250. Kokwa zisivunjwe humo. Kiini chake kina mafuta mengi na huharisha.

Kokwa zikaushe, uzipasue, ukaange viini kidogo, uvitwange na kuvichemsha kwa maji mengi. Mafuta hupanda juu na kuenguliwa kwa kijiko. Ni mafuta ya kupaka ngozi na nywele na ya kulainisha ngozi ya mnyama. Si ya kupikia.

Viwili vya kando

Mviru hauna miiba, una majani yenye manyoya laini na tunda la kahawia lenye unga ndani. Ladha ni ya upole tu, lakini hukaushika vizuri na kuhifadhika, jambo ambalo topetope haliwezi. Ukiupata shambani, uache.

Mtandamboo, wenye utomvu mweupe, miiba na matunda madogo meusi matamu, nao hufunga uzio vizuri. Tahadhari ni moja na ni kubwa: msunguti, ambao gome na mti wake hutumika kutengeneza sumu ya mishale, una utomvu mweupe, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda meusi vilevile. Msunguti hauna miiba. Kichaka cha namna hiyo kisicho na mwiba, mtoto asiguse tunda lake.

Upi kwa mahali gani

Kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni ya kununua au kufuata mbali, na mikorosho imejaa. Hapo acha mitopetope iliyojiotea karibu na nyumba, panda mchongoma mpakani, mpingi usiingie. Mche wa mchongoma wa mwaka wa kwanza unapita kiangazi kwa chupa ya lita 1.5 iliyotobolewa kifuniko tundu moja dogo na kufukiwa nusu kando ya shina, ikijazwa mara moja kwa wiki.

Masasi, Ruangwa, Nachingwea na Liwale adui ni moto wa kiangazi. Mtopetope unaoungua kila mwaka hautakufa, lakini utabaki ukitoa machipukizi bila kufikia kuzaa. Fyeka kinga ya moto ya mita 3 kuzunguka vichaka mwezi Juni, kabla nyasi hazijakauka kabisa.

Pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, kwenye mchanga mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, mpingi wa njano ndio unaostawi bila kulelewa. Uvune kwenye vichaka vilivyopo, na kama ni msitu wa kijiji, uliza kwanza serikali ya kijiji.

Kwa biashara, pima umbali wa soko. Topetope mwitu lililoiva huuzwa kwa mafungu siku hiyo au kesho yake. Gari la kwenda Lindi au Masasi likikwama siku moja, umebaki na rojo lililochacha. Chuma ya kijani usiku wa kuamkia safari, uyapange tabaka mbili tu kwenye kapu, yaivie njiani. Mchongoma unaweza kuvunwa, kupikwa nyumbani na kungoja mnunuzi.

Hesabu ya uzio ni rahisi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Mistari miwili yenye nafasi ya sentimita 50 inataka miche 400. Otesha 480 ili uwe na ya kujazia mapengo Februari, mvua zikiwa bado zipo. Langoni acha mita 3 wazi, ili bajaji ipite bila kukwaruzwa hata matawi yakitanuka.